Kisasi cha Mmoja, Dhuluma ya Wengi: Nguvu na Udhaifu wa Filamu ya Veve

Uhakiki wa filamu nchini Kenya umejijengea mazoea ya huruma. Kila filamu ya nyumbani inapotolewa na kuonekana ina mianya katika msuko wake, au wahusika wake wanapofanya mambo yasiyoaminika, utetezi huwa tayari: fedha zilikuwa chache. Ni utetezi wenye ukweli ndani yake. Mtengenezaji wa filamu wa Kenya hana studio kubwa nyuma yake, wala hana majumba ya sinema ya kutosha ya kumrudishia gharama. Hata hivyo, utetezi huo umetumiwa kupita kiasi hata ukawa pazia la kufunikia makosa ambayo hayana uhusiano wowote na fedha. Filamu ya Veve, iliyotolewa mwaka 2014, ni mfano mzuri wa jambo hili kwa sababu yale iliyoyafanya vizuri yalihitaji fedha, na yale iliyoyakosea yalihitaji kalamu tu.

Veve iliongozwa na Simon Mukali, na mswada wake uliandikwa na Natasha Likimani. Ni zao la mradi wa One Fine Day Films, ambao mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer na mkewe, Marie Steinmann-Tykwer, waliuanzisha ili kuwapa vijana wa Afrika Mashariki mafunzo ya utengenezaji wa filamu chini ya wataalamu wenye tajriba, kwa ushirikiano na kampuni ya Ginger Ink ya Nairobi. Mradi huohuo ndio uliotupatia Soul Boy (2010), Nairobi Half Life (2012) na Something Necessary (2013), na baadaye Kati Kati (2016) na Supa Modo (2018). Kwa kipimo cha Marekani au Ulaya, hizi ni filamu za gharama ndogo sana. Kwa kipimo cha Kenya ni filamu zilizobahatika, na tofauti hiyo ya vipimo inafaa kukumbukwa kabla ya kutoa msamaha wa jumla.

Hadithi yenyewe imewekwa Maua, katika nchi ya Meru, kitovu cha biashara ya miraa. Amos, anayeigizwa na Lowry Odhiambo, ni mwanasiasa mwenye uchu wa madaraka ambaye mikono yake imo katika biashara hiyo. Ana mshindani wa kibiashara anayemkalia shingoni, ana kura za kutafuta, na ana mke, Esther (Lizz Njagah), ambaye amemsahau nyumbani kama samani. Katika mazingira haya anaingia Kenzo (Emo Rugene), kijana aliyekuja na azma moja: kulipiza kisasi cha kifo cha babake. Kenzo anajipata katika mapenzi na Esther, na hapo nyuzi za siasa, biashara, mapenzi na damu zinafungwa fundo moja.

Sifa ya kwanza ya Veve ni uteuzi wa mandhari. Kwa muda mrefu filamu ya Kenya ilikuwa filamu ya Nairobi, na Nairobi yenyewe ilikuwa mitaa ya mabanda. Maua ilikuwa hewa mpya. Lakini zaidi ya upya huo, miraa ni bidhaa iliyozaliwa na taharuki ndani yake. Kemikali ya kathinoni, ambayo ndiyo roho ya miraa, huanza kupotea mara tu tawi linapochumwa, na baada ya takriban saa 48 mzigo huwa umepoteza thamani yake kubwa. Ndiyo maana vitita hufungwa kwa majani ya migomba ili visikauke, na ndiyo maana magari ya miraa yanayoteremka kutoka Nyambene kuelekea Nairobi yamepata sifa ya kutomngoja mtu wala mnyama. Mwandishi wa hadithi za kusisimua popote pale duniani hutafuta saa ya kumfungia mhusika wake shingoni: bomu litakalolipuka alfajiri, treni itakayoondoka saa sita. Huku Meru saa hiyo imo ndani ya tawi. Wazo la kuijenga filamu ya taharuki juu ya zao linalokufa kwa siku mbili lilikuwa wazo la busara, na sifa zake zinastahili kwenda kwa waliolibuni.

Wakati nao uliisaidia filamu hii. Ilitoka mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi wa Machi 2013, wa kwanza kuleta serikali za kaunti, wakati ambapo madaraka na fedha zilikuwa zimeteremshwa mashinani na macho ya wanasiasa yalikuwa yameteremka nazo. Aidha, tarehe 24 Juni 2014 Uingereza iliiweka miraa miongoni mwa dawa zilizopigwa marufuku, baada ya Uholanzi kutangulia. Soko lililokuwa likipokea shehena za Meru kwa ndege kila wiki lilifungwa. Kwa hiyo mtazamaji wa mwaka huo alipomwona Amos akihangaikia mzigo na kura, alijua kwamba hayo si mambo ya kubuniwa tu.

Uigizaji wa Odhiambo nao unaibeba filamu mahali pengi. Amos si jitu la hadithi. Ana tabasamu, ana maneno matamu, na ana ile adabu ya mwanasiasa wa Kenya ya kumshika mtu mkono kwa mikono miwili huku macho yakimtafuta mtu mwingine. Njagah anampa Esther hadhi ambayo mswada haumpi kila wakati. Picha ni safi, sauti inasikika, na kwa yeyote aliyezoea kuvumilia filamu zinazouzwa kando ya barabara, mambo hayo mawili si madogo.

Tatizo ni kisasi chenyewe. Hadithi ya kisasi ni mkataba kati ya msimulizi na hadhira yake. Hadhira inaambiwa: huyu amedhulumiwa, dhuluma yake ni nzito, naye atailipa, nanyi mtamfuata mkiwa na swali moja tu, atalipaje, na kulipa huko kutamgharimu nini? Ili mkataba usimame, hadhira lazima ihisi uzito wa deni. Katika Veve uzito huo unatajwa kuliko unavyohisiwa. Babake Kenzo anabaki kuwa sababu, hawi mtu. Hatumjui vya kutosha ili tumlilie, na kwa kuwa hatumlilii, hasira ya mwanawe tunaipokea kama taarifa. Mapenzi na Esther yanapoingia, kisasi kinasogezwa kando, si kwa sababu Kenzo amepigana na nafsi yake hata akashindwa, bali kwa sababu filamu ina jambo jingine la kuonyesha. Hamlet wa Shakespeare naye anachelewa kulipiza kisasi cha babake, lakini ucheleweshaji wake ndio tamthilia yenyewe. Kila hatua asiyoichukua inatufunulia pembe nyingine ya moyo wake. Kenzo anapochelewa, tunajua tu kwamba amechelewa.

Hakuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta kielelezo. Wanafunzi wengi wa Kiswahili nchini Kenya waliisoma Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980 na kutahiniwa kwa miaka kadhaa katika shule za sekondari. Ulinganifu wa wahusika unashangaza. Maksuudi, kama Amos, ni mtu wa mali na tamaa ya uongozi ambaye heshima yake ya nje inaficha uoza wa ndani. Tamima, kama Esther, ni mke aliyefungiwa katika nyumba ambayo si yake. Lakini tazama jinsi kisasi kinavyoendeshwa. Kazija hana bunduki wala kundi la vijana. Anachofanya ni kumtega Maksuudi na mwanawe Mussa wakutane nyumbani kwake, na baba na mwana wanapotazamana chini ya dari ile, jengo zima la heshima ya Maksuudi linapata ufa. Silaha ni aibu. Aidha, Kazija hafanyi hivyo kwa jeraha lake peke yake, kwani nyuma yake wamesimama wanawake wote waliopitia mikononi mwa watu wa aina ya Maksuudi. Tukio hilo lingehitaji chumba kimoja, taa moja na waigizaji watatu. Gharama yake katika filamu ingekuwa ndogo kuliko ya tukio lolote la gari kufukuzana na gari.

Ndipo utetezi wa fedha chache unapoanza kuyumba. Veve inataka kuwa filamu ya siasa, ya magenge, ya mapenzi, ya ndoa iliyovunjika na ya kisasi, yote kwa wakati mmoja na ndani ya muda usiofika saa mbili. Wingi huo wa nyuzi haukuletwa na umaskini. Kwa hakika maskini wa kweli hawezi kuumudu. Mwenye fedha chache angechagua uzi mmoja akausokota hadi mwisho.

Mfano wa maskini wa kweli uko ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa kiasi ambacho mwenyewe amekitaja kuwa takriban dola 200 za Marekani. Hiyo pia ni hadithi ya kisasi: kapteni wa jeshi anauawa katika vita dhidi ya genge, na nduguye, bingwa wa kungfu, anataka kumjua muuaji. Damu ni ya kuigiza, helikopta ni ya kompyuta na inaonekana hivyo, na mpaka mwisho muuaji hajulikani. Kwa kanuni zote za darasani filamu hiyo ingepata alama ya chini. Hata hivyo inapendwa na watu wa mabara mengi, kwa sababu inakijua kimo chake. Haijifanyi kuwa na uzito isiokuwa nao, na sauti ya VJ Emmie inayosikika juu ya picha, ikishangilia na kudhihaki, inamwambia mtazamaji tangu mwanzo kwamba huu ni mchezo na amealikwa kucheza. Nakala tuliyo nayo ni hiyohiyo yenye sauti ya VJ, kwani ile ya awali haikuhifadhiwa. Veve haiwezi kujitetea kwa namna hiyo. Yenyewe inaomba ichukuliwe kwa uzito, na iliyeomba uzito ni haki ipimwe kwa mizani ya uzito.

Suala la lugha linawahusu wasomaji wa jarida hili kwa karibu zaidi, na linaanza na jina lenyewe. Veve ni neno la mtaani, la vijiwe vya mijini na la watafunaji. Mkulima wa Igembe haiti mimea yake veve, huiita miraa. Mtanzania ataiita mirungi, naye Mganda mairungi, wakati kijana wa Nairobi atasema gomba au jaba. Kila jina kati ya haya lina mahali pa kusimama na jicho la kutazamia. Kwa kuchagua jina la mtafunaji badala ya jina la mpanzi, filamu ilikuwa imekwisha kuamua itaitazama Meru kutokea wapi, yaani kutokea mwisho wa barabara, pale mzigo unaposhushwa.

Uamuzi huo unasikika pia vinywani mwa wahusika. Filamu inatumia Kiswahili na Kiingereza, na Kiswahili chake kwa sehemu kubwa ni kile cha Nairobi. Mtu akifumba macho, ni vigumu kujua kwamba yuko Maua. Inawezekana mwongozaji alikuwa na sababu nzuri. Lafudhi ya Kimeru imetumiwa mno katika vichekesho vya runinga, ikafanywa kuwa alama ya hasira za haraka na ushamba, na huenda kuikwepa ilikuwa njia ya kuwakinga wahusika wasichekwe. Lakini kukwepa si tiba. Tiba ilikuwa kuitumia lafudhi hiyo kwa mhusika mwenye hadhi, ili hadhira iliyozoea kucheka ijikute haina la kuchekea. Nairobi Half Life ilifaulu sana kwa sababu Sheng yake ilikuwa ya watu wanaoishi ndani ya Sheng. Kiswahili cha Maua kina mdundo wake, methali zilizovuka kutoka Kimeru, na istilahi nzima ya biashara: majina ya daraja za miraa kama vile kangeta na giza, lugha ya upimaji na upatanaji wa bei. Hazina yote hiyo haihitaji kununuliwa. Inahitaji mwandishi aketi sokoni majuma machache akiwa na daftari.

Kuna ushahidi kwamba hadhira ya Kenya ina kiu ya lugha kuliko ya picha. DJ Afro alijipatia umaarufu mkubwa kwa kusimulia filamu za kigeni, nyingi zikiwa za mapigano na za kisasi, kwa Kiswahili na Sheng, mpaka zikawa mali ya vibanda vya video vya mashambani na mijini. Katika simulizi zake, stelingi hana siri na adui hana siri. Kila mmoja amepewa jina, tabia na kejeli inayomfaa. Wasomi wengi huyaona hayo kama mzaha, na baadhi yake ni mzaha kweli. Lakini mtu aliyekaa katika kibanda kama hicho anajua kwamba watazamaji hurudi kwa ajili ya sauti. Picha ni za Hong Kong au Mumbai, ila kisasi kimekuwa cha hapa kwa sababu kimesimuliwa kwa lugha ya hapa. Katika Veve mambo yamegeuka: picha ni za kwetu, lugha ndiyo inayoonekana kuazimwa.

Hata hivyo, udhaifu mkubwa zaidi wa Veve hauko katika msuko wala katika lugha. Uko katika umbo lenyewe la hadithi ya kisasi, na hapa lawama si ya Mukali na Likimani peke yao. Hadithi ya kisasi inahitaji uso. Lazima awepo mtu mmoja aliyetenda na mtu mmoja wa kulipa. Dhuluma ya miraa haina uso mmoja. Mkulima wa Nyambene anachuma alfajiri, anauza kwa bei asiyoipanga, na mzigo wake unapita mikononi mwa madalali kadhaa kabla ya kufika Eastleigh au uwanja wa ndege wa Wilson. Uingereza ilipofunga mlango mwaka 2014, nani alikuwa wa kulipizwa kisasi? Somalia iliposimamisha ndege za miraa Machi 2020, na soko hilo lisifunguliwe tena hadi Julai 2022, ni mlango wa nani ambao Kenzo angekwenda kuubisha akiwa na bunduki? Filamu inakusanya maumivu ya umma mzima, kisha inayapachika kwenye kifua cha mwanasiasa mmoja mwovu. Amos akiondoka, mtazamaji anaalikwa kudhani kwamba mambo yamenyooka. Lakini mtu wa Maua aliyetoka kuitazama filamu hiyo alirudi kwenye bei ileile.

Mkulima mwenyewe hana katika Veve nafasi inayokaribia ile ya mwanasiasa, ya mke wa mwanasiasa, ya mlipiza kisasi au ya mshindani wa kibiashara. Hili ni jambo la ajabu katika filamu iliyopewa jina la mmea. Tena Wameru wana njia yao ya zamani ya kulishughulikia deni la damu na ugomvi wa mali. Baraza la Njuri Ncheke, lenye makao yake Nchiru, linajulikana kwa kutatua kesi kwa viapo na fidia, na miraa yenyewe ina nafasi katika sherehe za posa na mapatano. Zao linaloletwa mtu anapoomba mke au msamaha ndilo hilohilo linalouliwa watu katika filamu. Mgongano huo ungeweza kuzaa tamthilia nzito: kijana anayetaka damu mbele ya wazee wanaotaka kiapo. Wazee chini ya mti, fimbo mikononi, na kijana aliyesimama. Msuko wa Veve haukujengwa juu ya njia hiyo, ukachagua ile tuliyoizoea katika filamu za magenge za kila nchi.

Mambo ya karibuni yameonyesha kwamba malighafi haijaisha. Mei 2024, gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, miraa ya wenzao wa Embu na Mbeere, na kaunti nyingine za Pwani zikafuata. Wakulima wakaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda. Mle ndani kuna kila kitu ambacho filamu ya taharuki inakihitaji: mzigo unaonyauka barabarani, wazazi wa Pwani wanaolia kwamba watoto wao wanaangamia, wakulima wa Mbeere wanaolia kwamba karo ya watoto wao imo katika magunia yale, na wanasiasa wa pande zote mbili wanaohesabu kura. Hakuna stelingi hapo wala adui, au tuseme kila mmoja ni stelingi kwake na adui kwa mwenzake. Mswada wa aina hiyo ni mgumu kuandika, na ugumu wake hauondolewi na hundi kutoka Ujerumani.

Haya yote hayaifanyi Veve kuwa filamu ya kutupwa. Idara za Kiswahili ambazo zimeanza kuruhusu filamu kuwa matini ya uhakiki zingenufaika kuiweka sambamba na Utengano katika muhula mmoja, wanafunzi wakaombwa kufuatilia swali moja tu: katika kila kazi, deni ni la nani, na nani anaruhusiwa kulidai? Wanafunzi wanaotoka Igembe na Tigania watakuwa na la kuongeza kuhusu jina la filamu, na wale wa Mbeere huenda wakataka kujua kwa nini muguka haukutajwa.